Ndevu za Gundi

Shangazi yangu ameshanifukuzia wachumba wawili kwa filamu moja. Si mzaha. Yeye ndiye aliyenilea, bila kauli yake siolewi, na kauli yake haitoki mpaka mchumba akae naye sebuleni Jumapili mchana, watazame kanda ile hadi mwisho.

Filamu yenyewe ni kongwe, haina hata rangi. Mwanamke ameachwa na mumewe. Miaka inapita, anakuja mpangaji mwenye ndevu nyingi, anapewa chumba cha uani. Mpangaji ndiye mume. Nakuambia mapema kwa sababu hata ungekuwa unasinzia ungejua: ndevu zimebandikwa kwa gundi, na kila akicheka zinainuka upande mmoja kama zulia la mlangoni. Mke anamgundua dakika tano kabla ya mwisho, muziki unalia, na shangazi naye analia. Ameitazama mpaka kanda imeanza kukwaruza.

Mchumba wa kwanza, mwalimu wa hesabu, alitoa jibu dakika ya nane, tena kwa kunyoosha kidole. Shangazi alimletea viatu vyake. Wa pili nilimfundisha mwenyewe, nikamwambia ashangae. Akashangaa kweli, akashika na kifua, dakika ya kumi, wakati mpangaji bado anashusha begi. Shangazi alisema mwanamume anayejua kushangaa namna hiyo atakuja kushangaa vilevile siku nitakapomfumania.

Wanaomcheka hawajui alikotoka. Kwa miaka ishirini na mbili aliuza tiketi za sinema kwenye kibanda cha mlangoni. Watu wa onyesho la kwanza walipotoka, walipita mbele ya kidirisha chake wakibwata nani kafa na nani kumbe alikuwa nani. Hakuna filamu aliyopata kuitazama bila kuujua mwisho. Akazoea, kisha akapenda. Asichokipenda hadi leo ni midomo.

Wa tatu ni fundi wa lifti. Shangazi alipoambiwa alisema hiyo ni kazi ya kupanda na kushuka mchana kutwa bila kufika popote. Nilimpata lifti ya jengo letu ilipokwama. Mimi ni mpokeaji wageni kwa daktari wa meno, ghorofa ya tatu, na kwa siku nne alipiga magoti hatua chache kutoka mezani kwangu, bisibisi mkononi, huku mimi nikiwahubiria wagonjwa ubaya wa sukari na kujitilia vijiko vinne nyuma ya daftari la miadi. Si msemaji. Safari hii sikumfundisha kitu. Nina miaka thelathini na sita, nampenda, na nilitaka kama ni kushindwa ashindwe mwenyewe, bila mkono wangu.

Jumapili ikafika, shangazi akabonyeza deki. Mpangaji akaingia. Fundi kimya. Mpangaji akacheka, ndevu zikainuka. Kimya. Mpangaji akaenda moja kwa moja kwenye swichi ya taa, gizani, ndani ya nyumba ambayo eti hajawahi kuikanyaga. Fundi akatafuna biskuti. Nikaanza kutokwa na jasho. Mtu asiyeona ndevu zile ataona nini maishani? Shangazi atasema nimemletea bwege. Kufika dakika ya arobaini uvumilivu ukanishinda.

"Si umeona lakini?" nikasema. "Huyo ndiye mumewe."

Shangazi akasimamisha kanda. Miaka yote hiyo anawawinda wageni wenye midomo, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Wewe umefaulu," alimwambia fundi. "Mwanangu ndiye amefeli. Sina uso wa kukuoza."

Fundi akaweka biskuti chini. Akasema kwa heshima kwamba ndevu aliziona tangu mlangoni. Alichokuwa anakitazama ni mke. Siku ya kwanza kabisa alimpa mpangaji chai, akaitia vijiko viwili vya sukari bila kumwuliza. Maana yake alijua toka mwanzo, akawa anamngoja mwenyewe aseme.

Shangazi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyengoja muda mrefu kusikia hilo. Mimi niliyeiona filamu ile mara arobaini sikuwahi kuviona vile vijiko. Nilikuwa nashughulika na ndevu.

"Na huyu?" shangazi akauliza, akinionyesha kwa rimoti.

"Nilijua atasema, shangazi. Tangu tunaingia midomo inamcheza. Nilikuwa nangoja tu ni dakika ya ngapi."

"Na utaweza kukaa na mtu wa hivyo?"

"Mwisho wake naujua," alisema fundi. "Nitakaa."

Nililia, tena bila muziki. Shangazi alirudisha kanda mwanzo, kwa sababu kwake filamu iliyoharibiwa haiendelezwi, akaniamuru nifunge mdomo. Fundi akainuka kumimina chai. Kikombe changu alikitia sukari bila kuniuliza. Na wewe unayesoma, kama umeshajua vilikuwa vijiko vingapi, nyamaza, shangazi yupo hapa.