Ménage ya Banaume Kumi na Munane

Mi njo nilivunja mguu ya Clarisse. Haikuwa kwa kusudi, lakini mi njo nilikuwa naendesha pikipiki, mi njo nilimuambia hii barabara naijua hata na macho ya kufunga. Karibu na Mboko, macho ikiwa wazi kabisa, nikaingia ndani ya shimo yenye kila muntu wa Baraka anaijua. Mi sikupata hata mukwaruzo. Yeye, mifupa mbili.

Clarisse ni mudogo wangu, mi njo yaya, kaka yake mukubwa. Iko anamaliza sosiolojia kwa université. Mi masomo yangu ilimalizika katikati ya mwaka wa tatu ya secondaire, juu ya kubishana na mwalimu. Tulibishana juu ya nini, sikumbuke tena, lakini haki ilikuwa yangu. Sasa, kwa kitabu yake ya kumaliza masomo, Clarisse alipashwa kuuliza nyumba makumi mbili, apeleke majibu siku ya tano ya juma asubui. Mwalimu mwenye anamusimamia alishasema: nyumba ikipunguka hata moja, unarudia mwaka. Tulikuwa siku ya tatu, na yeye amelala, mguu ndani ya plâtre ngumu mpaka kwa goti.

"Nitaenda mi," nikasema.

Akaniangalia vile alikuwa anaangalia ile pikipiki.

"Yaya, hii kazi si kubishana na bantu. Ni kubasikiliza."

"Sosiolojia ni kujua mambo ya bantu. We umeisoma miaka tatu. Mi nilizaliwa nayo."

Hakuwa na muntu mwingine. Akanipa fiche makumi mbili, karatasi moja ya maswali kwa kila nyumba, na masomo ya robo saa. Usiandike yenye unawaza, andika yenye banasema. Kisha: bantu bakiishi pamoja, biko na sheria mingi zenye hakuna mwenye anazisema, utaziona siku muntu anazivunja. Hapo nilikuwa natafuta biki ya kuandika. Na ya mwisho: ménage si jamaa yote. Ménage ni bantu benye banakula chungu moja, na mukubwa wao.

"Ni hii tu banawafundisha miaka tatu?"

"Enda, yaya."

Nikaenda kwa kijiji ya bajomba, ndugu za mama yetu Florentine, ng'ambo ya Mboko. Saa sita nikakuta banaume kwa lubunga. Lubunga ni kile kibanda ya wazi kwenye banaume banakaa, banakata maneno, banakula. Kila mwanamuke anatuma sahani yake ya bugali na mboga, zinapangwa katikati, na mikono yote inaingia ndani ya sahani zote. Mi nimekula pale toka nilikuwa mudogo. Nikanawa, nikaingia. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ingali kwa vidole, nikauliza na sauti ya bureau, kama muntu wa ofisi:

"Munakula pamoja kila siku?"

"Kila siku," akajibu muzee Raphaël, mukubwa wa lubunga.

"Na mukubwa wenu ni nani?"

"Unaona nani mwingine, na mi niko hapa?"

Nikahesabu vichwa, nikaandika: ménage moja, bantu kumi na munane. Kisha nikazunguka nyumba. Mama, unakula na nani? Na batoto. Na bwana? Anakula kule. Nikaandika vile vile walisema. Mbele ya magaribi fiche zote makumi mbili zilijaa. Njiani nilikuwa najiuliza juu ya nini bantu banateswa na hii masomo.

Clarisse akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. Kufika ya tano akaanza kucheka, mpaka plâtre inatikisika. Nikajua nimefanya muzuri.

"Yaya, umeachanisha kijiji muzima. Hapa niko na banamuke kumi na tisa, hata moja hana bwana. Na hapa niko na banaume kumi na munane banaishi pamoja, hawana bibi, hawana mutoto. Sasa hawa batoto yote banatoka wapi?"

"We ulisema chungu moja."

"Nilisema chungu. Sikusema uache kichwa nyumbani." Akaacha kucheka. "Kesho njo siku ya mwisho. Rudia. Kila mwanaume umurudishe kwa bibi yake."

Siku ya ine nikarudi. Kuzunguka tena nyumba kwa nyumba, miguu ilikataa, nikatafuta njia fupi: banaume yote si biko pale kwa lubunga? Nikangoja sahani zifike, nikasimama na fiche.

"Nitauliza kila moja. Sahani yake ni gani? Kwa ile nitajua nyumba yake na jikoni yake."

Banaume bakaanza kuangalia barabara. Mi nikawaza hawakusikia, nikachagua mwenye alikuwa karibu, Bienfait, muvuvi. Nyavu zake zilipasuka tangu mwezi uliopita, kijiji yote inajua, na mi pia nilikuwa najua.

"Bienfait, yako ni gani?"

Bienfait akaangalia zile sahani; hata moja haikutoka kwake. Mikono yake ilikuwa haijagusa bado kitu. Akavuta maji, akanawa, akaifuta kwa suruali, akaondoka pole pole kama muntu mwenye ameshiba.

Muzee Raphaël akangoja afike mbali.

"Willy, mutoto ya Florentine, hapa sahani haina mwenyewe. Toka nizaliwe hakuna mwenye aliuliza ile swali. Na bajinga tulikuwa nabo."

Nikamukimbilia Bienfait mpaka kwake. Nikaomba samaani, maneno yangu yote ikiwa imepinda. Akasema, "Toa nyumba yangu kwa makaratasi yako." Nikapasua fiche yake mbele ya macho yake. Bengine balinijibu, juu ya huruma ya mguu ya Clarisse, si juu yangu. Nikaongeza nyumba moja yenye niliruka jana. Bila ile fiche ya lubunga na ya Bienfait, zikabakia kumi na tisa, na jua ilishazama.

Nikaeleza Clarisse yote. Hii mara hakucheka.

"Alinawa na hakukula?"

"Hakukula."

Clarisse akavuta fiche moja yenye haijaandikwa.

"Kuna nyumba moja hapa karibu. Kaa chini, yaya."

Mama yetu alikuwa pembeni anachambua mboga ya lengalenga.

"Mukubwa wa ménage?" Clarisse akauliza.

"Mi. Mwanaume si ni mi?"

Mama akakohoa.

"Andika mama," nikasema.

"Masomo yako?"

"Secondaire."

"Ulimaliza mwaka gani?"

"We unajua."

"Mi siandike yenye najua."

"Wa pili."

"Kazi?"

"Natafuta."

"Toka lini?"

Nikasema miaka tano, na ilikuwa sita, nikarudia nikasema sita.

"Kati ya bakubwa ya hii nyumba, kuna mwenye anakula na haleti kitu?"

Nilitaka kusimama. Miguu ilishajikusanya. Lakini nikisimama, ni kumi na tisa, na mwaka wake mi njo nimeuvunja, pamoja na mifupa.

"Willy," nikasema. "Andika Willy."

Akaandika, kichwa chini.

"Alichota maji jana," mama akasema.

"Mama, swali si hiyo," Clarisse akasema.

"Iandike tu."

Clarisse akageuza karatasi, akaandika pembeni na herufi ndogo: maji, siku moja. Kisha akaiweka juu ya zingine, akahesabu makumi mbili.