Kanda ya Kipindi cha Watoto

Kazini walimwita Masikio, na yeye hakuwa na kinyongo. Katika jengo lile la nyaraka kila mtu alikuwa na jina la kupachikwa, na lake lilikuwa afadhali mara mia kuliko la mhasibu, ambalo halitamkiki mbele ya wakwe. Kazi yake ilikuwa kuchukua kanda kuukuu za redio, zile pana za kuzunguka kwenye magurudumu mawili, na kuhamishia sauti zake kwenye kompyuta kabla hazijafa. Maana kanda nazo hufa, tusidanganyane. Ile gundi ya kwenye utepe huanza kunata, na ukiicheza kanda ya namna hiyo bila kuitibu, inajikwaruza yote mbele ya macho yako na unabaki na vumbi la kahawia.

Dawa yake ni kuioka. Usicheke. Wanaitia kwenye oveni ndogo, moto mdogo sana, kutwa kucha, halafu inapopoa inakubali kuzunguka vizuri kwa muda mfupi kabla ya kuanza kunata tena. Wageni waliotembelea idara walipenda kuuliza mikate inatoka saa ngapi, na Masikio aliwatazama tu. Ukizidisha moto umeua, ukipunguza umeua, na cha kufia humo hakina pacha popote duniani.

Wakati huo idara nzima ilikuwa mbio mbio. Serikali ilikuwa imeamua kwamba vitabu vya maktaba, picha za makumbusho na sauti za nyaraka vikusanywe mahali pamoja mtandaoni, iwe maktaba moja ya taifa, na yeyote mwenye simu afungue, asome, asikilize, asitoe hata senti. Mkuu wa mradi alilipenda neno "bure" kiasi kwamba hata kwenye salamu lilimponyoka, wakamwita Bwana Bure. Alikuwa mtu mwema, ila mwenye haraka ya kuku anayetaka kutaga. Siku ya uzinduzi ilikuwa inakaribia, watu wa makumbusho na watu wa maktaba bado walikuwa wanagombania jina la nani litangulie, na yeye alipita vyumbani akifuta jasho na kuwaambia watu wasihofu, jambo ambalo huwatia watu hofu kuliko kitu chochote.

Lakini hofu ya Masikio ilikuwa nyingine kabisa. Katika shehena iliyotoka stoo ya redio kulikuwa na kanda ya kipindi cha watoto, na juu ya boksi lake, kati ya majina ya watoto walioshiriki, lilikuwepo jina la kaka yake. Kaka huyo hakuwahi kumwona. Homa ilimchukua mtoto huyo wakati Masikio akiwa bado tumboni, na kilichobaki nyumbani ni picha moja iliyofifia na hadithi moja iliyosimuliwa mpaka ikachakaa: kwamba siku mtoto aliposema redioni betri za redio ya nyumbani zilikuwa zimekwisha, na majirani wakaja kumpongeza mama yake kwa kitu ambacho yeye hakukisikia.

Na mama sasa alikuwa anazeeka vibaya upande wa masikio. La kulia lilikuwa limeshaziba. La kushoto lilikuwa linafuata mwenzake, na daktari alikuwa amesema bila kuzunguka kwamba dawa hakuna, asikie anachotaka kusikia mapema. Tangu siku hiyo mama alikuwa na swali moja kila jioni, hata kabla binti yake hajavua viatu. Alitaka kujua kama kanda ya kaka imefika. Ilipofika, alitaka kujua inangoja nini.

Ilikuwa inangoja Masikio aache kuogopa. Zamu ya kanda hiyo ilipowadia aliiweka kwenye oveni kwa mikono miwili, akavuta kiti, akaketi hapo hapo. Wenzake walikwenda kula, walirudi, wakamkuta vile vile anatazama kipimajoto. Akili yake ilikuwa inamtesa kwa maswali ya kipuuzi: umeme ukikatika je, kipimajoto kikiwa kinasema uongo je, na ikiwa watu wa stoo walikosea boksi, humu ndani mna hotuba ya waziri wa kilimo je? Alimwomba Mungu, akajiona mjinga kumwomba Mungu juu ya oveni, kisha akaomba tena.

Siku ya kuicheza utepe ulimponyoka mara mbili. Ikaanza. Ilikwaruza kidogo mwanzoni, halafu ikatulia, na kutoka huko mbali ukaja muziki wa kipindi, na sauti ya yule bibi mtangazaji aliyejulikana nchi nzima, na watoto mmoja mmoja. Wa nne alitaja jina, na jina lilikuwa lenyewe. Aliwategea wenzake kitendawili, akashindwa kujizuia, akacheka kabla hawajajibu. Kisha akawasalimia mama, baba na shangazi, kama watoto wote wa redioni wanavyosalimia. Masikio alilia kimya kimya huku akitazama mistari ya sauti ikipanda na kushuka kwenye kompyuta. Yote ilikuwa imeingia, salama salimini.

Kesho yake alimleta mama. Mama alikuwa amevaa nguo ya kutokea na amejipaka mafuta, na aliwasalimia watu wa idara kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wasiojisikia wenyewe. Masikio alimkalisha, akamvika hedifoni, akaisogeza vizuri upande wa kushoto, akapandisha sauti. Mama akafumba macho. Mtoto akasema yake, akacheka, akasalimia. Mama akafumbua macho na kuivua ile hedifoni polepole.

"Huyu siye," alisema.

Masikio alimwandikia kwenye karatasi, alimsemea sikioni, alimwonyesha boksi na jina. Mama alitikisa kichwa. Alisema jina linaweza kuandikwa na yeyote, yeye amemzaa, anamjua, mwanawe alikuwa na sauti nyembamba, na huyu ni mvulana mkubwa. Hakusema kwa hasira. Alisema huku akikunja mtandio wake kujiandaa kuondoka, na hilo ndilo lililomvunja binti yake.

Basi Masikio akashika la kushika. Alikumbuka kwamba mashine za kurekodia za zamani zilikuwa na miguu yao: moja ina mbio, nyingine inachechemea, na kanda iliyorekodiwa kwenye mashine mbovu huweza kutoa sauti nzito kuliko ya mwenyewe. Akamwomba mama akae tena. Akaongeza kasi kidogo. Mama akasikiliza, akatikisa kichwa. Akaongeza tena. Hakuwa anatazama kompyuta sasa, alikuwa anatazama uso wa mama yake, na kila mkunjo wa uso ule ukilegea yeye anaongeza chembe nyingine. Mtoto akawa mdogo, akawa mdogo zaidi.

"Hapo," mama alisema. "Hapo hapo. Ndiye huyo."

Akacheka na kulia kwa pamoja, akamshika binti yake mkono asiuachie. Bwana Bure alikuwa anapita ukumbini na jasho lake, akachungulia, akaona, naye machozi yakamlengalenga. Hapo hapo akaamua kwamba sauti ya mtoto huyu ndiyo itakayofungulia maktaba, iwe ya kwanza kusikika siku ya uzinduzi. Masikio angesema ngoja. Hakusema. Alikata kipande cha kaka yake, akakihifadhi kwa kasi ile iliyompendeza mama, akakipeleka, akamwekea mama kingine kama hicho kwenye simu. Usiku mama alilala na simu chini ya mto.

Hata hivyo kazi ya mtu humwandama mwenyewe. Asubuhi alipotaka kumalizia kanda iliyobaki, aliifungua yote kwa kasi ile mpya, na yule bibi mtangazaji, mwanamke wa sauti nzito ambayo nchi nzima iliiamkia kwa miaka, akalia kama kifaranga. Masikio alijua kabisa alichotakiwa kufanya tangu jana, na alijua kwa nini hakukifanya.

Kuna njia ya kupima. Umeme una mvumo wake, mdogo, usiobadilika, na studio za zamani ziliunasa bila kukusudia chini ya kila maneno. Mvumo huo ni rula. Ukiurudisha kwenye kipimo chake, kila sauti iliyo juu yake imerudi mahali pake. Fundi yeyote wa sauti anaanza hapo, hata mwanafunzi. Yeye alianza na uso wa mama yake. Akautafuta ule mvumo, akaupima, akaupima tena akitumaini amekosea, na jibu likawa lile lile. Mashine ya redio haikuwa mbovu hata kidogo. Kasi ya kwanza ndiyo iliyokuwa sahihi. Mtoto aliyekuwa anasubiri kulifungulia taifa maktaba hakuwahi kuwepo.

Alimwendea Bwana Bure, akamweleza. Bwana Bure alishika kichwa. Alisema mialiko imeshatoka, alisema sauti ni sauti, watu wanataka kumsikia mtoto akicheka, nani huyo atakayekwenda kupima mvumo wa umeme? Masikio alijibu kwamba ameshapima yeye. Wakatazamana. Mwisho yule bwana akaguna na kumwambia abadilishe upesi kabla hajabadili mawazo, na Masikio akabadilisha.

Hapo ndipo wasiwasi wenyewe ulipoanza. La taifa lilikuwa jepesi, la nyumbani lilikuwa zito. Angeweza kunyamaza. Mama ana simu yake, ana mtoto wake wa sauti nyembamba, sikio linakaribia kufunga, kwa nini asimwachie? Lakini maktaba ile ilikuwa ya bure kweli, ya kila simu, na hakuna jirani atakayekosa kuja kumwekea mama sauti ya mwanawe aisikilize. Atasikia sauti ile aliyoikataa, kutoka mkononi mwa mtu mwingine, na atajua binti yake alimdanganya. Na hata asingejua. Kitu cha mwisho kuingia kwenye sikio la mama yake kiwe uongo alioutengeneza yeye? Njia nzima ya kurudi nyumbani alipanga maneno na kuyapangua, na mlangoni akakuta yote yamemtoroka.

Mama alikuwa sebuleni, ameketi karibu na dirisha, simu iko mapajani. Masikio alipiga magoti upande wa kushoto, mdomo karibu na sikio.

"Mama, nilikosea. Ile ya kwanza uliyoikataa ndiyo sauti yake. Hii ya kwenye simu nimeitengeneza mimi kwa sababu nilitaka ufurahi. Nisamehe."

Masikio alidhani mama hakusikia, akaanza kurudia, lakini mama akainua kiganja.

"Una hakika?"

"Nimepima, mama. Zaidi ya mara moja."

Mama aliitazama ile simu kwa muda mrefu. Midomo yake ilicheza kama anayepiga hesabu. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ambayo Masikio hakuwa ameisikia tangu masikio ya mama yaanze kuziba, kwamba mwaka ule mtoto hakuwa nyumbani. Alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake, mjini, karibu na redio. Alikaa huko miezi mingi. Na homa ilimkuta huko huko.

Masikio alishangaa. Umri wake wote hakuwahi kuambiwa. Aliuliza walimpeleka kwa nini.

"Mimba yako ilinilaza," mama alisema. "Daktari alinikataza hata kuinuka kitandani. Nani angemwangalia? Tukasema aende, ukizaliwa tutamrudisha. Ningekuambia ili iweje, mwanangu? Ubebe nini?" Akameza mate. "Aliondoka hapa ana sauti ndogo. Waliponiletea, alikuwa hasemi tena. Mimi sauti yake ya mwaka ule siijui."

Masikio aliweka kichwa kwenye paja la mama yake. Alikuwa mtu mzima, mwenye kazi na jina la utani, na alilia kwa sauti bila kujali nani anapita nje. Mama alimpapasa kichwani, akamwacha alie, kisha akampiga begani taratibu kama wanavyopigwa watoto wanaochelewa shule.

"Basi. Niwekee ile ya kwanza."

Masikio alijifuta uso. Aliifungua maktaba ya taifa kwenye simu, maana watu wa idara walikuwa wameshapewa ruhusa ya kuijaribu kabla ya uzinduzi, akaitafuta kanda, akapandisha sauti mpaka mwisho, akaishikilia kwenye sikio la kushoto. Mama akafumba macho na kuushika mkono wa binti yake ulioshika simu, aukandamize vizuri usiachie nafasi. Ikapita sauti ya bibi mtangazaji, wakapita watoto watatu, akaja mvulana mwenye sauti inayoanza kukomaa, akataja jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake.

"Kitendawili," akasema mvulana.

"Tega," mama akajibu, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, mpaka nyumba ya jirani wakasikia.