Kikombe cha Tatu cha Mama Askale

Mulunesh aliifunga diski kwenye netela ya mamake, ile shali nyeupe ya kanisani, akaipakata kama kichanga mpaka mtaa wa Piassa, kwenye kibanda cha Zerihun, fundi wa kompyuta. Ndani ya diski mlikuwa na sauti ya marehemu mamake, Askale. Mulunesh akiwa bado Beirut anasugua sakafu za watu, mamake alimrekodia baraka zake. Surafel, mdogo wake, akashika simu, kisha akaihifadhi sauti hiyo kwenye kompyuta ya nyumbani. Mulunesh alikataa kutumiwa rekodi hiyo. Alitaka kuisikiliza akifika, ameketi miguuni pa mama. Akafika maziko yamekwisha.

Naye Surafel, mjuaji asiye na mwalimu, alikuwa amekwisha kuibadilishia kompyuta mfumo. Alikuta diski imegawanywa sehemu mbili, akaifuta aliyodhani haina kitu. Sauti ilikuwa humo humo.

"Nani kafuta?" Zerihun aliuliza.

"Mdogo wangu."

"Kila nyumba ina fundi wake wa namna hiyo. Usilie, dada. Aliyefuta sehemu kavunja ukuta tu, vyombo viko palepale. Bora tu asitokee mtu wa kurundika vingine juu yake."

Mulunesh akainamisha kichwa.

"Dada, mliweka kitu?"

"Picha za mama. Za kuonyesha kwenye arobaini yake. Kila jamaa alileta za kwake, sikutaka hata moja ipotee. Nikaona diski ina nafasi, nikazijaza humo."

"Nyingi?"

"Mama alipendwa sana."

Zerihun akaichomeka diski, akaanza kuipekua polepole. Mulunesh alijua sasa: aliyefuta ni Surafel, ila aliyefukia ni yeye, tena kwa mapenzi. Majuto ni mjukuu. Muuza kahawa wa jirani alileta kikombe cha kwanza, Mulunesh akakinywa bila kujua ladha yake. Alipoletewa cha pili, Zerihun akamkabidhi hedifoni.

"Nimepata kipande. Sikiliza."

Zikasikika buni zikikaangwa. Mtu alikohoa kwa moshi, mama akamcheka.

"We Surafel, acha kufakamia bisi, shika simu vizuri. Mulu wangu, unanisikia? Leo tunakunywa wote. Baraka yako nakupa kwenye kikombe cha tatu, kama desturi. Asiinuke mtu kabla ya hapo."

Kahawa ikamiminwa. Mama akasimulia habari za mbuzi wa jirani aliyekula maua ya kanisa. Ikamiminwa ya pili. Akavuta pumzi, akaita, "Mulu," halafu ukasikika mkwaruzo, kisha kimya.

"Iliyobaki?"

"Zimekaa picha hapo, dada yangu. Nimejaribu kila njia."

Mulunesh alirudisha mwanzo, akasikiliza tena, na tena. Picha anazo tele, za harusi, za ubatizo, mama akitabasamu katika zote, na hakuna hata moja inayoweza kumwita jina.

Muuza kahawa akachungulia mlangoni. "Nikusanye vikombe? Mnafunga?"

Zerihun alikuwa ameshika funguo mkononi. Akamtazama mteja wake, aliyekuwa bado na hedifoni masikioni, wala hana dalili ya kuondoka. Akaziweka mezani, akavuta kigoda, akaketi.

"Bado," alisema. "Tuletee cha tatu."