Posa Iliyokosea Nyumba

Ukitafuta washenga, usiwatume Omari na Yohane. Maneno matamu wanayo, ila njia hawaijui.

Mwaka ule Mzee Sefania, baba yake Secilia, alikuwa amehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa karibu na Malindi ya huku kwetu milimani, si ile ya pwani. Nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi wa gwaride, zote za udongo, zote mlango upande mmoja. Mimi na Secilia tulikuwa tumeshaelewana, kilichobaki ni baba yake kukubali.

Kwetu mwenye kuposa haendi mwenyewe. Anatuma rafiki na jembe jipya na ugoro, na kwa adabu jina la msichana halitajwi mpaka zawadi ipokelewe. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, na washenga wangu wale wawili wakapiga hodi nyumba ya jirani.

Humo alikaa Bibi Jenoveva, mjane asiye na jino hata moja la mbele. Omari akatoa shikamoo, akanisifu: mpole, hodari wa viazi, pombe hagusi. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akafungua ugoro, akanusa.

"Nimekubali," akasema. "Mwambieni asichelewe."

Nilikuwa nawasubiri darajani. Yohane alishindwa kunitazama usoni.

"Umepata mke," Omari akasema, "ila si yule."

Niliwatukana kwa Kishambaa mpaka matusi yakaniishia. Kisha tukaenda wote watatu kwa Mzee Sefania kurekebisha kosa. Tulimkuta amesimama mlangoni, amenuna, na Bibi Jenoveva amekaa kando yake na jembe langu mapajani, ameshamtangazia kwamba ameposwa.

"Upuuzi huu umetoka kwa nani?" mzee akauliza.

"Shikamoo, tate," Yohane akawahi, akimwita baba kwa Kishambaa. "Rubeni huyu hahusiki. Hakututuma."

"Hata hatumjui vizuri," Omari akadakia, mtu aliyekula kwetu tangu tukiwa na meno ya utoto.

Mzee akanigeukia. Ningenyamaza tu, ningebaki kijana mwenye heshima aliyesingiziwa na wahuni, na Secilia ningempata. Nilimtaka msichana yule kuliko kitu chochote. Lakini niliwatazama wale wawili, wamejaa tope hadi magotini kwa ajili yangu. Mama yangu alipofariki, ndio waliokuja kila jioni kunipikia ugali, wakaunguza, wakagombana ni nani aliyeunguza, mpaka nikacheka bila kutaka. Nikaona siwezi.

"Nimewatuma mimi, tate, waje hapa kwako, wakakosea nyumba. Ni rafiki zangu. Bila wao ningekuwa mtu wa kununa tu. Nikiwa na jambo jingine nitawatuma hao hao."

Bibi akakohoa.

"Mimi kijana namwachia," akasema, "ila jembe sirudishi."

Ndani, nyuma ya mlango, Secilia akaangua kicheko. Sasa, msichana akiulizwa habari ya posa hutakiwa anyamaze, ndipo ijulikane amekubali. Mzee akamwuliza kupitia mlangoni: je, unamtaka huyu? Kicheko. Akamwuliza tena, na safari hii zikasikika mpaka sufuria zikianguka huko ndani. Mzee akajikaza, akatazama chini, lakini mabega yakaanza kumtikisika.

"Tangu tuhamie hapa sijamsikia akicheka," akasema, akajifuta macho. "Ingieni. Na hao wawili watangulie."