Gari la Mama la Kwenda Mashine

Nilianza kuliogopa gari la kaka yangu Ekuru kabla halijatufanyia lolote. Ni Toyota kuukuu ya otomatiki, na Kakuma nzima ilimwambia asiinunue. Lakini Ekuru ni wa kusikia la mkuu baada ya kuvunjika guu. Aliinunua kwa ajili ya Mama, na hapo ndipo mdomo wangu hufungwa. Mama ana ugonjwa wa figo. Kila Jumatatu na Alhamisi lazima afike Lodwar akasafishwe damu kwa mashine. Tulipokuwa tukitegemea gari za abiria, kuna siku aliachwa stejini. Kesho yake maji yalikuwa yamemjaa kifuani, anahema kama mtu aliyebebeshwa gunia. Alipona, lakini mimi tangu siku hiyo sijapona.

Sasa gari nalo likaanza. Ekuru akikanyaga mafuta, injini inapiga kelele na gari linajikokota tu. Fundi wa karibu na soko alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akakinusa, akakirudisha haraka. Oili ilikuwa nyeusi na ilinuka kuungua.

“Usiguse,” akasema. “Gia imezoea hii uchafu. Ukibadilisha, inaweza kufa siku hiyo hiyo.”

“Na nisipobadilisha?”

“Itakufa pia, lakini pole pole.”

“Sasa nifanye nini?”

“Omba Mungu.”

Ushauri wa namna hiyo hata mimi ningeutoa, na nisingejiita fundi.

Ekuru akaamua kuifanya kazi mwenyewe nyumbani. Alitazama video kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu, akaagiza filta Eldoret ikaja na basi. Jumamosi tukaanza mapema, kabla jua halijakasirika. Upepo wa kwetu hauna adabu, na chembe moja ya mchanga ndani ya giaboksi ni ugonjwa mwingine. Basi tukatundika mablanketi yaliyoloweshwa maji kulizunguka gari, upande wa nyumba tu tukauacha wazi, mimi nikakaa ndani ya hema hilo nikimpa Ekuru spana huku nikitoa jasho na maneno.

Mama alikaa mlangoni juu ya ngozi yake ya mbuzi. Ngozi hiyo aliilainisha kwa mikono yake mwaka alioolewa, na mpaka leo huipaka mafuta kama mtoto mchanga. Huenda nayo kila mahali, hata hospitalini. Alishatuambia kwamba siku akifa tumzungushie hiyo, tusimletee sanduku la mbao.

Oili ya zamani ilimwagika kwenye beseni kama uji wa majivu. Kisha Ekuru akafungua sampu, lile bakuli pana la chini ya giaboksi, akaliteremsha taratibu na kuchutama mbele yake. Nikamwona baba yetu. Marehemu alikuwa akisoma matumbo ya mbuzi. Kabla ya safari mbuzi alichinjwa, wazee wakamwita atazame utumbo, aseme kama njia iko wazi au kuna maadui. Naye alichutama hivyo hivyo, kidole kikifuata mistari.

Ndani ya sampu kuna sumaku ndogo ya kunasa chuma. Ilikuwa imejaa tope la kijivu, na Ekuru aliniambia tope si kitu, ni kuchakaa kwa kawaida. Lakini ndani ya lile tope niliona kipande kinachometameta, kikubwa kama ukucha wa mtoto. Alikiokota haraka, akakificha kwenye ngumi.

“Ekuru,” Mama akaita kutoka mlangoni. “Matumbo yanasema nini?”

“Yanasema njia iko wazi, Mama.”

“Ejok,” Mama akasema. Nzuri. Kisha akacheka kidogo. “Baba yako pia, akisema hivyo, alikuwa anaangalia kando.”

Nilitaka kusema. Nikamtazama Mama, miguu yake imevimba hata viatu haviingii, na Jumatatu ni keshokutwa. Ningesema nini, na gari lingine liko wapi? Nikampa Ekuru spana iliyofuata.

Gasketi iliyokuja na filta, ile ya kuziba katikati ya sampu na giaboksi, haikuwa saizi yake. Ekuru hakutetereka. Kwetu kila kitu hushikwa na tyubu ya gurudumu: jerikeni, viatu, mlango wa choo, hata kitanda cha mwalimu mkuu. Akachukua tyubu ya pikipiki, akaikata vipande, akaviunganisha kwa gundi na kuvitoboa mashimo ya bolti. Hata mimi nilimsifu. Akafunga filta mpya, akamimina oili mpya nyekundu, akawasha injini, akapitisha gia zote, akapima. Gari likazunguka mtaa bila kuteleza. Nilipiga vigelegele, nisijue navipigia nini.

Jumatatu tukatoka vizuri. Nusu ya safari, mahali ambapo simu hazishiki na pande zote ni mawe na miiba, nikasikia harufu. Injini ikapiga kelele ile ile ya zamani, na gari likasimama lenyewe kando ya lami. Nilitazama nyuma. Mstari mwekundu ulikuwa unatufuata barabarani kama tumechinja.

Ekuru aliingia chini na tochi ya simu. Tyubu ilikuwa imelewa oili ya moto, imevimba na kulegea, ikachomoza nje ya sampu kama ulimi. Mpira ule huziba maji na upepo. Oili ya moto huula, na hilo hakuna aliyelijua kati yetu.

“Oili iko bado?” nikauliza.

“Iko kidogo ndani, na ile galoni nilibakisha. Lakini sina kitu ya kuziba.”

Gari moja likapita, nikapunga mikono mpaka mabega yakauma. Dereva akaongeza mwendo. Lori nalo likapita vivyo hivyo. Sikuwalaumu, kwa sababu mwezi uliopita watu walinyang’anywa hapo hapo, na aliyewasimamisha alikuwa mwanamke anayepunga mikono. Nilijikuta naogopa wanaopita na naogopa wasiopita.

Mama alikuwa ameanza kuhema. Naijua pumzi ile, ni fupi na ina maji ndani. Nilimfungulia mlango, nikampepea na leso.

“Namuria,” akasema, “nipe kisu.”

“Kisu cha nini, Mama?”

Aliivuta ngozi kutoka chini yake, akaikunjua magotini. “Tyubu imekataa. Hii imekunywa mafuta miaka yote na haijaoza.”

Ekuru alitoka chini ya gari, oili usoni. “Mama, hapana. Hiyo ni ya…”

“Najua ni ya nini. Hii niliweka ya kufa. Leo sitaki kufa. Kata.”

Ekuru alishusha sampu, oili ikamchoma mikono, nami nikaikinga kwa beseni la kutapikia la Mama. Alilaza sampu juu ya ngozi, akaizungushia kisu katikati kabisa, pale penye mikunjo ya mgongo wa Mama. Nililia nikimshikia ngozi ivutike. Tulifunga, nikachuja oili kwa leso yangu, tukairudisha pamoja na ile ya galoni. Ekuru akapima kijiti mara tatu.

Gari likatembea. Tulienda kwa mwendo wa punda, mimi nimegeuka nyuma njia nzima nikitafuta nyekundu kwenye lami. Palikuwa na tone moja moja, kisha hapakuwa na kitu.

Lodwar walimpokea Mama kwa kiti cha magurudumu. Nesi alitugombeza kwa kuchelewa, nikamwacha agombeze. Mashine ilipoanza kuzunguka na pumzi ya Mama ikashuka, nilikaa sakafuni. Mama alijifunika ile ngozi. Tundu la sampu lilikuwa wazi juu ya magoti yake, shuka ya hospitali ikionekana ndani.

“Sasa mtanizika na nini?” akatutania. “Itabidi ningoje mbuzi mwingine akue.”

Ekuru hakucheka. Alitoa mfukoni kile kipande cha chuma, akakiweka kwenye kiganja cha Mama.

“Matumbo hayakusema njia iko wazi,” akasema. “Nilikudanganya. Hiyo gia inakufa.”

Mama alikigeuza kipande kwa kidole, akakitazama kwa makini kama baba alivyokuwa akitazama.

“Nilijua,” akasema. “Na ningebaki nyumbani, ningefika wapi?”

Akafumba macho. Mimi na Ekuru tulitazamana. Alhamisi ilikuwa inakuja, na gari lilikuwa lile lile.