Makabidhiano ya Saa Mbili

Wasifu wa marehemu ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Aliuchapa kaka mtu, na kazi ya kuusoma mbele ya waombolezaji ikamwangukia dada mtu, kwa kuwa ndiye mwenye sauti. Aliupitia mara ya kwanza akiwa amesimama jikoni, chai ikipoa mkononi. Baba yao alizaliwa, akasoma, akawa mhandisi wa mitambo, akatumikia kituo cha kusukuma maji miaka thelathini na moja, na mara mbili alikataa cheo cha mbali kwa sababu ya familia. Hadi hapo ilikuwa kweli tupu. Kasheshe ilikuwa sentensi ya pili kutoka mwisho: "Alifariki Alhamisi, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, akiwa mikononi mwa binti yake."

Binti yake ni yeye. Na mikononi mwake hakukuwa na mtu.

Ili ieleweke aibu yenyewe, lazima kwanza aeleweke mzee. Kituoni kwake pampu hazikuachwa bila mtu hata dakika moja. Anayetoka zamu humsomea anayeingia hali ya mitambo, na haondoki mpaka aambiwe "nimepokea." Neno hilo mzee alilishika kwelikweli, hadi wenzake wakambandika jina la Bwana Nimepokea. Lingeishia kazini, sawa. Yeye akalibeba hadi nyumbani. Watoto walipokuwa wachanga, alimkabidhi mkewe mtoto kwa utaratibu uleule: "Amekula, amecheua, hajaoga. Pampu ya kushoto inakoroma kidogo." Yaani pua. Mkewe asipojibu "nimepokea," mtoto haachiwi.

Kuna kisa ambacho kaka alikiweka hata kwenye wasifu: siku moja mama mkwe alikuja kusaidia kulea. Mzee akamkabidhi mtoto, akasimama mlangoni na mkoba wake, anangoja. Mama mkwe akamtazama, akaona mkwewe labda anataka chai na anaona haya kusema. Akaenda kumchemshia. Mzee akainywa kwa adabu zote, akarudi mlangoni, akasimama tena. Siku hiyo alichelewa kazini kwa mara ya kwanza na ya mwisho, na mwenzake wa zamu alikuwa bado yupo pale, macho mekundu, akimngoja yeye.

Kwa hiyo mzee alipolazwa, wanawe hawakuhitaji kufundishwa kupanga zamu. Kaka alikesha naye, dada akaingia saa mbili asubuhi. Wiki tatu mambo yalikwenda barabara. Alhamisi ile ofisini kwa dada kulikuwa na kikao cha wakubwa, na takwimu zote alikuwa nazo yeye. Saa mbili kamili akampigia simu kaka yake.

"Umefika wapi?" kaka akauliza.

"Niko getini hapa. Wewe nenda kalale."

"Ameamka, amekunywa maziwa vijiko vitatu. Anaulizauliza saa. Haya, sema basi."

"Nimepokea, kaka. Nenda."

Hakuwa getini. Alikuwa ofisini, ghorofa ya nne, anapanga makaratasi mezani. Alikadiria nusu saa. Alipofika wodini ilikuwa saa nne na robo, na muuguzi alikuwa ameshamfunika mzee shuka hadi kichwani. Kaka alipopokea simu yake alisikia kilio tu, mengine akajijazia mwenyewe. Dada hakumsahihisha. Siku tatu sasa watu walimshika mkono wakimwambia ana bahati, na kila aliyesema hivyo alimwumiza.

Kaka akachungulia jikoni. "Umeona kosa popote?"

"Hamna."

"Ile ya mwisho nimeiandika kwa ajili yako."

"Nimeiona," akajibu.

Mchana alisoma vizuri. Pale pa mama mkwe na chai watu walicheka, hata mama yake akacheka. Alipofika kwenye sentensi ile akasoma mpaka "asubuhi," akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale. Akaishusha karatasi.

"Hakuwa mikononi mwangu," akasema. "Nilikuwa kazini. Nilimwambia kaka nimepokea, naye akaondoka. Nilimdanganya."

Kaka yake alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akageuza uso akatazama ukuta. Mama hakuonekana kushtuka. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu ya saa.

"Kwa hiyo tangu saa mbili," akauliza, "alikuwa na nani?"

"Hakuwa na mtu, mama."

Mama akaitazama karatasi mkononi mwa binti yake.

"Malizia kusoma," akasema.

Ulikuwa umebaki mstari mmoja. Akausoma kama ulivyoandikwa: "Ameacha mjane na watoto wawili."