Sakafu ya Kunesa

Mimi ni seremala, na sipendi kufundishwa kazi. Nalisema mapema ili asiyeweza kunivumilia aende zake. Ukumbi ule mdogo wa maigizo, viti mia na kumi, nimeuhudumia miaka ishirini na miwili. Milango ni yangu, ngazi ni zangu, na nyumba zote za uongo za kuigizia nimezipigilia mimi. Hakuna kitu changu kilichowahi kulia mtu akikikanyaga.

Basi akaja shemeji yangu na karatasi zake.

Huyu shemeji ni mdogo wa marehemu mke wangu, mwalimu wa dansi, mwanamke wa shingo ndefu na mdomo mrefu zaidi. Tangu dada yake afariki, ananitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto kwa makosa. Mtoto mwenyewe ni binti yangu wa pekee, miaka kumi na saba, na ndiye mwanafunzi wake bora. Hilo hata mimi nisiyejua dansi nililiona.

"Shem," akasema, salamu hakuna, "jukwaa lako ni zege lililobandikwa mbao. Linawamaliza watoto miguu."

"Jukwaa langu halijaua mtu."

"Muulize mwanao miundi inamuuma tangu lini."

Sikujua hata kwamba inamuuma. Kumbe alishampeleka hospitali bila kuniambia, jamani, mwanangu mimi! Daktari alisema mifupa ya miundi imechoka kwa kuruka juu ya kitu kigumu. Akiendelea hivyo itapasuka, na dansi ndiyo basi. Onyesho lao lilikuwa limebakiza wiki tano, na shemeji aliapa hatamruhusu kuruka hata mara moja mpaka sakafu ibadilishwe.

Nikazichukua karatasi. Alitaka mbao nyembamba juu ya zege, chini ya kila mbao vipande vya mpira, halafu plaiwudi mbili zilizopishana, halafu zulia la plastiki. Mtu akikanyaga, sakafu ishuke kidogo kisha imrudishe. Kwa maneno mengine, alitaka inese.

"Sakafu inayonesa ni sakafu iliyoharibika," nikamwambia.

"Wewe fanya kama ilivyoandikwa. Kwa mara moja katika maisha yako, fanya ulichoambiwa."

Damu ilinichemka, lakini nikafanya. Nilifanya kwa ajili ya binti yangu, si kwa ajili ya mdomo ule. Mipira mia mbili na arobaini niliikata kwa mkono wangu. Siku ya kwanza binti yangu alipanda pekupeku, akaruka, akatua, akaruka tena, kisha akanigeukia macho yamemjaa machozi. "Baba, haiumi!" Nikakohoa, nikasema nina kazi nje. Shemeji hakunipa hata asante.

Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwema.

Siku mbili kabla ya onyesho, Mwenyekiti wa ukumbi alikuja na wajumbe wake kukagua. Akapanda jukwaani na kitambi chake, sakafu ikashuka chini yake. Akasimama. Akakanyaga tena, huku na huku.

"Fundi," akasema, "hii ni sakafu au kitanda cha gesti?"

Wajumbe walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Nilijaribu kueleza habari ya mipira, nani anasikiliza? Mmoja akauliza kama naanza kuzeeka. Mwingine akasema labda misumari ilipungua. Mimi! Niliwaona wakishuka ngazi, ngazi zangu hizo, wakiigiza kunesa.

Shemeji alikuwa amekwenda kuchukua nguo za wachezaji, asingerudi mpaka siku ya onyesho. Kesho yake asubuhi nilifunga mlango, nikafungua plaiwudi, nikagonga kabari za mbao ngumu chini ya kila mbao, moja baada ya nyingine, mpaka kule kunesa kukafa. Nilijiambia shemeji anatia chumvi. Nilijiambia plaiwudi mbili bado ni laini kuliko zege, na onyesho ni saa moja tu, mtoto hawezi kudhurika kwa saa moja. Nilijiambia mengi. Adhuhuri niliruka juu yake kwa buti zangu na haikutikisika hata chembe. Nilijisikia mwanamume.

Onyesho lilikuwa kesho yake alasiri. Nilivaa suti, nikakaa mstari wa mbele, karibu na Mwenyekiti. "Leo vipi?" akaninong'oneza. "Jionee mwenyewe," nikasema, kichwa kimenivimba.

Binti yangu alitoka peke yake katika kipande cha mwisho. Aliruka, akatua, ikasikika puu. Akaruka tena. Meno aliyauma yakaonekana, nami nilidhani anatabasamu. Mara ya saba au ya nane alitua, na mguu wa kushoto ukakataa. Akaangukia mkono, akainuka kwa mguu mmoja, akainamia watu kwa heshima. Walimpigia makofi. Mimi pia nilipiga.

Nyuma ya pazia shemeji alikuwa amepiga magoti, kiganja kimegusa sakafu. Akaigonga kwa ngumi mara moja tu.

"Umeifanya nini?"

"Nimeimarisha."

"Mshenzi wewe!"

"Usinitukane mbele ya mtoto wangu!"

"Mtoto wako? Mtoto wako, shem? Njoo umtazame mtoto wako!"

Alikuwa ameketi juu ya sanduku la nguo, muundi umevimba. Hospitali walitupa picha: ufa umekata mfupa. Daktari alisema utaunga, atatembea vizuri tu, hata kukimbia atakimbia. Lakini kurukaruka, asahau.

Ukumbini hata leo hakuna aliyeuliza habari za sakafu. Mwenyekiti alinipa pole kwa ajali.

Shemeji alinisakama palepale wodini, mkono kiunoni, akanitaja mimi na ukoo wangu wote, nami namjibu, sauti juu, mpaka muuguzi akatufokea. Ndipo binti yangu aliposema, taratibu, "Mamdogo, mwache. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba imekazwa. Niliporuka mara ya kwanza tu, nilijua."

"Sasa mbona hukusimama?" shemeji akamaka. "Si nilikwambia ukisikia maumivu usimame?"

Binti yangu alivuta shuka akafunika mguu.

"Ningesimama, watu wote wangejua kazi ya baba ni mbovu."

Shemeji alinigeukia, mdomo wazi, kisha akaufunga, akaanza kulinyoosha lile shuka. Nilisimama pale nikimsubiri anitukane.